Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya Tanga: shingo inapimwa, ukuta wa ateri hauangaliwi

Waheshimiwa wenye dhamana ya huduma za afya,
Mkoa wa Tanga.

YAH: MATUMIZI YA ULTRASAUNDI YENYE KONTRASTI KUTAMBUA MAPEMA UGONJWA WA ATERI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wataalamu wa picha za tiba, madaktari na wauguzi tunaohudumia kliniki za presha na kisukari mkoani humu. Jambo hili tumelileta kwenu kwa barua za ndani, tumelisema kwenye vikao vya idara na kuambatanisha orodha ya vifaa. Tukaambiwa linafanyiwa kazi. Tangu hapo, kimya. Leo tunaandika hadharani, kwa heshima ileile. Hatutaji hospitali wala mtu kwa jina. Anayehusika anajijua, na nafasi ya kurekebisha bado anayo.

Malalamiko yetu kwa kifupi ni haya: vipimo vya mishipa ya shingo vinavyofanyika sasa vinatafuta mahali palipoziba tu, na kuziba ni hatua ya mwisho ya ugonjwa uliokuwa ukikua kimyakimya kwa miaka. Mgonjwa anarudi nyumbani Makorora au Pongwe na karatasi inayosema mishipa iko kawaida, kumbe ukuta wa ateri umeshaota plaki, yaani bonge la mafuta, seli na nyuzi. Ultrasaundi yenye kontrasti, yaani viputo vya gesi vinavyochomwa kwenye mshipa ili damu ing'ae kwenye skrini, ingeonyesha mengi ya hayo mapema. Hoja zetu ni hizi.

1. Fomu ya majibu ina nafasi ya kuziba tu

Mgonjwa wa kisukari anapolala kitandani na shingo kupakwa jeli, kinachopimwa kwa makini ni kasi ya damu kwa Dopla, yaani ultrasaundi inayopima mwendo wa damu. Ikiwa chini ya sentimita 125 kwa sekunde, linaandikwa neno "kawaida" na faili linafungwa. Kati ya 125 na 230 inahesabiwa kuwa mshipa umebana kwa asilimia 50 hadi 69. Ikizidi 230, ni asilimia 70 na kuendelea. Vigezo hivi hatuvipingi. Vinatokana na makubaliano ya wataalamu wa radiolojia wa Marekani yaliyochapishwa mwaka 2003, na vinatumika duniani kote. Ila makubaliano hayohayo yanatenganisha makundi mawili chini ya 125: mshipa usio na plaki, huo ndio wa kawaida, na mshipa wenye plaki ambao haujabana hata nusu. Kwenye fomu zetu makundi hayo mawili yamefanywa kuwa moja, na aliyepoteza ni yule wa kundi la pili, ambaye ndiye hasa angefaidika na dawa.

Wengi huiwazia ateri kama bomba la chuma linaloota kutu kwa ndani, nafasi ikipungua kidogokidogo tangu siku ya kwanza. Ateri haiko hivyo, inatanuka. Mwaka 1987 Seymour Glagov na wenzake wa Chicago walionyesha, kwa kupima ateri za moyo za marehemu, kwamba ukuta hujitanua kwa nje kadiri plaki inavyokua, na njia ya damu haianzi kupungua mpaka plaki ichukue takribani asilimia 40 ya eneo lililozungukwa na ukuta huo. Kwa hiyo Dopla inaweza kusoma 80, namba nzuri kabisa, na plaki iko palepale.

Kuitafuta plaki kwa ultrasaundi ya kawaida hakuhitaji shilingi ya ziada. Kipimo kinachokubalika ni kinundu kinachojitokeza kwenye njia ya damu kwa angalau milimita 0.5, au kwa nusu ya unene wa ukuta ulio jirani, au ukuta wenyewe kuzidi unene wa milimita 1.5. Mpimaji apitishe probu, kile kishikio cha mashine kinachogusa ngozi, kwa mkato wa upana wa shingo, kutoka chini karibu na mtulinga hadi juu kwenye taya, kisha kwa urefu, pande zote mbili, na asiruke pale ateri inapogawanyika, maana plaki hupenda sana kukaa hapo. Halafu aandike: ipo au haipo, upande gani, unene kiasi gani. Ni mstari mmoja kwenye fomu, na hata huo tumeunyimwa.

2. Plaki mbaya zaidi ndiyo isiyoonekana vizuri

Plaki yenye chokaa hung'aa kwenye skrini na kuacha kivuli nyuma yake. Hata mwanafunzi anaiona. Plaki laini iliyojaa mafuta ni nyeusi karibu sawa na damu inayopita kando yake. Kwenye shingo nene, au mashine ikiwa imewekwa vibaya, inapotea machoni. Na hiyo ndiyo yenye tabia ya kupasuka na kurusha donge la damu kwenye ubongo.

Hapa ndipo kontrasti inapoingia. Kontrasti ya ultrasaundi haina ayodini kama ile ya CT. Ni viputo vya gesi, kwa mfano salfa heksafloridi, vilivyofunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Wastani wa kiputo ni maikromita 2.5 hivi, kidogo kuliko seli nyekundu ya damu, kwa hiyo kinapita kwenye mapafu na kuingia kwenye ateri, lakini hakitoki nje ya mshipa. Damu yote inang'aa, plaki inabaki nyeusi, na umbo lake linajichora lenyewe, pamoja na vidonda vilivyochimbika juu yake.

La pili ni zito zaidi. Plaki inayokua huota vijishipa vyake kutoka kwenye ganda la nje la ateri. Vijishipa hivyo ni dhaifu na vinavuja, vikitokwa na damu ndani ya plaki vinaivuruga. Viputo vinapoingia humo vinaonekana kama chembe nyeupe zinazotembea kutoka ukingo wa nje kuelekea ndani. Usomaji unaotumika sana una daraja tatu: 0, hakuna chembe ndani ya plaki, 1, ziko kwenye ukingo wa nje au bega la plaki, 2, zimeenea mpaka katikati. Dopla ya rangi haiwezi kuonyesha hili, damu humo inakwenda polepole mno.

Gesi hutolewa kwa pumzi, karibu yote ndani ya dakika 15. Figo hazihusiki, na mionzi haipo. Kwa mgonjwa wa kisukari ambaye kreatinini yake (kipimo cha figo) imepanda na daktari anaogopa kumpeleka CT ya kontrasti, hiyo si faida ndogo.

3. Kinachokwamisha ni vitu vidogo

Mashine nyingi za kiwango cha kati na cha juu zina programu ya kontrasti, isipokuwa imefungwa mpaka ufunguo wa leseni ununuliwe, na lazima probu ya shingo nayo iwe inaikubali. Hayo mawili yanajulikana kwa kumwandikia msambazaji namba ya mashine na namba ya probu. Tuliomba hilo tu lifanyike. Halikufanyika. Na kama jibu la msambazaji ni hapana, basi mjadala huu ni mwingine, tutauanza tukiwa na ukweli mkononi.

Vingine vinavyohitajika ni vichupa vya kontrasti, kanula za geji 20, maji ya chumvi ya asilimia 0.9, na UPS (betri ya akiba ya umeme) ya kweli. Umeme unaporukaruka katikati ya kipimo, viputo havisubiri mashine iwake upya. Dozi imekwenda na maji. Friji tumesikia ikitajwa kuwa kikwazo. Ziko aina zinazohitaji nyuzi 2 hadi 8, ila ile ya unga yenye salfa heksafloridi haihitaji ubaridi, na kwa joto la Tanga hiyo ndiyo tungeichagua.

4. Utaratibu usipoandikwa, kipimo kitaharibika na lawama itaenda kwa kontrasti

Hili tunalisema kwa urefu kwa sababu tunajua mambo yanavyokwenda: kifaa kinanunuliwa, mtu mmoja anajaribu mara mbili, picha zinatoka mbovu, kifaa kinafunikwa shuka.

Kichupa cha unga huo kina miligramu 25. Kinachanganywa na mililita 5 za maji ya chumvi na kutikiswa kwa nguvu sekunde 20, mpaka kiwe cheupe kama maziwa. Kwa mishipa, dozi ni mililita 2.4, ikifuatwa na mililita 5 za maji ya chumvi kusukuma. Shingo ina pande mbili, kwa hiyo kichupa kimoja kinamalizwa na mgonjwa mmoja. Asitokee mtu wa kuweka bajeti ya wagonjwa wawili kwa kichupa. Mchanganyiko unadumu saa 6, lakini viputo vinapanda juu vikiachwa. Bomba la sindano lililolala mezani dakika chache lazima ligeuzwegeuzwe taratibu kabla ya kuchoma, la sivyo nusu ya kwanza itakuwa maji na nusu ya pili viputo vitupu.

Sindano nyembamba inavipasua viputo, na msukumo mkali pia. Kanula iwekwe kwenye mshipa wa kunja kiwiko. Ikiwa inatumika koki ya njia tatu, kontrasti ipite njia iliyonyooka, na maji ya chumvi yapite ubavuni, si kinyume chake.

Kwenye mashine, kosa kubwa ni kusahau kushusha nguvu ya mawimbi. Namba inayoitwa MI iwe chini ya 0.2. Ikiachwa juu kama ya kipimo cha kawaida, skrini inang'aa sekunde mbili tatu, kisha giza, na mpimaji anadhani dawa imeisha nguvu. Ameivunja yeye mwenyewe. Dozi ikizidi nayo inaharibu: mwanga wa damu unakuwa mkali mpaka nyuma yake panabaki kivuli.

Baada ya kuchoma, njia ya damu inajaa ndani ya nusu dakika hivi. Vijishipa vya plaki vinafuata baadaye kidogo, kwa hiyo irekodiwe video na si picha mgando, dakika mbili au zaidi. Chembe nyeupe iliyosimama haina maana yoyote, inayohesabiwa ni inayotembea. Ukiwa na shaka, piga mpigo mmoja wa nguvu kubwa kuvunja viputo vyote, kisha tazama kama vinarudi ndani ya plaki.

Sasa mtego wenyewe, ambao tunaomba usomwe mara mbili. Ukuta wa ateri ulio mbali na probu hung'aa kwa uongo. Mawimbi yanapopita kwenye damu iliyojaa viputo yanapotoka umbo, na yakifika ukuta wa nyuma yanarudi yakionekana kana kwamba yametoka kwenye viputo. Asiyelijua hili atampa kila mgonjwa mwenye plaki ya ukuta wa nyuma daraja la 2. Dawa yake ni kuhamisha probu ubavuni ili plaki hiyo iwe upande wa karibu, na isipowezekana, kuandika wazi kwamba haisomeki. Plaki yenye chokaa nyingi nayo haisomeki nyuma ya kivuli. Tunapendelea ripoti inayosema "haisomeki" kuliko ripoti inayobuni.

Usalama. Mzio mkali ni nadra, kiasi cha mtu mmoja katika 10,000, lakini ukitokea unatokea haraka, mara nyingi ndani ya dakika 30. Kwa hiyo mgonjwa akae dakika 30 baada ya kipimo, kanula ikiwa bado mkononi. Chumbani kuwe na oksijeni na adrenalini, miligramu 0.5 ya kuchoma msuli wa paja kwa mtu mzima. Kabla ya kuchoma aulizwe kama amewahi kupata mzio kwa makrogoli, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafisha utumbo, kwa kuwa imo pia kwenye unga huo. Onyo hilo lilitolewa Marekani mwaka 2021. Maelekezo ya Ulaya yanawazuia pia wenye presha kali ya mapafu, wenye tundu la moyo linalopitisha damu kutoka kulia kwenda kushoto, na wenye presha ya mwili isiyodhibitiwa. Hili la mwisho linawagusa wengi kwenye kliniki zetu: presha ishushwe kwanza, kontrasti baadaye.

Majibu ambayo tumeshayasikia

"Ni teknolojia mpya, tusubiri." Viputo kwenye ultrasaundi vilielezwa na Gramiak na Shah mwaka 1968. Kontrasti ya salfa heksafloridi iliidhinishwa Ulaya mwaka 2001, na ateri za shingo zimo kwenye matumizi yake. Kwa haki tuongeze kwamba Marekani iliidhinisha kwa moyo mwaka 2014 na baadaye kwa ini na kwa njia ya mkojo ya watoto. Kwa shingo, huko daktari anaitumia kwa hiari ya kitaalamu. Hatufichi.

"Ni ugonjwa wa wazungu." Utafiti wa kiharusi uliofanyika Dar es Salaam na Hai kati ya 2003 na 2006 ulipata, baada ya kusawazisha umri, visa takribani 316 vipya kwa kila watu 100,000 kwa mwaka mjini na 109 vijijini. Namba ya mjini ni kubwa kuliko ya nchi nyingi tajiri. Hata hivyo tusidanganyane: sehemu kubwa ya kiharusi hapa inatokana na presha isiyotibiwa, na damu kuvujia ndani ya ubongo ni nyingi kuliko Ulaya. Hilo kontrasti ya shingo haiponyi. Anayetaka kupunguza viharusi Tanga aanze na mashine ya presha inayofanya kazi kila zahanati na vidonge visivyokatika. Tunayoomba hapa yakae juu ya msingi huo, yasichukue nafasi yake.

"Mnataka kupima watu wote." Hapana. Kupima shingo za watu wazima wote wasio na dalili hakushauriwi, na jopo la Marekani la huduma za kinga lilirudia msimamo huo mwaka 2021. Sisi tunaomba kontrasti kwa makundi haya: waliopata kiharusi cha mpito (ambacho dalili zake hupita zenyewe), wale ambao picha ya kawaida haisomeki, wenye plaki laini au inayotiliwa shaka, na wale ambao haijulikani kama mshipa umeziba kabisa au imebaki njia nyembamba. Kundi la mwisho ni la uamuzi mzito, kwa sababu mshipa uliobaki na njia unaweza kufaa upasuaji, na ulioziba kabisa kwa kawaida haufai.

"Wapelekwe Dar es Salaam." Ni kilomita 350 hivi kutoka Tanga mjini, na anayetoka Mlalo au Kwediboma anaanza safari nyingine kabla ya hiyo. Aliyepata kiharusi cha mpito yuko kwenye hatari kubwa zaidi siku mbili za mwanzo. Anazimalizia wapi? Kwenye foleni ya barua ya rufaa.

"Hakuna mtaalamu." Anayefanya vizuri Dopla ya shingo hajifunzi upya, anajifunza kuandaa dawa, kuweka mashine na kutambua ule mng'ao wa uongo. Tena kichupa hichohicho kinatumika kusoma uvimbe wa ini na kuta za moyo, kwa hiyo mafunzo yanaweza kuanza na ini, ambako uzoefu duniani ni mkubwa zaidi na kazi mkoani haikosekani.

"Bei." Ndiyo, kichupa si rahisi. Ndiyo maana tumetaja makundi. Na ndiyo maana tunaomba pia kipimo cha bei nafuu kuliko vyote: presha ya kifundo cha mguu kugawanywa kwa presha ya mkono, kwa Dopla ndogo ya mkononi ya megahezi 8. Ikiwa 0.90 au chini, ateri za miguu zina ugonjwa. Ikizidi 1.40, mara nyingi kwa wenye kisukari cha muda mrefu, ateri zimekakamaa na kipimo kisiaminiwe. Inashangaza kidogo kwamba tunadai viputo vya gesi wakati hata hicho hakifanyiki kliniki. Tunavidai vyote viwili.

Tunachoomba

(a) Fomu ya majibu ya mishipa ya shingo ibadilishwe ndani ya mwezi huu: plaki ipo au haipo, mahali, unene, laini au ya chokaa. Neno "kawaida" lisiandikwe penye plaki.

(b) Msambazaji aandikiwe kuhusu leseni ya kontrasti na probu, na jibu lake liwekwe wazi kwa idara.

(c) Vichupa vya kuanzia kwa makundi tuliyotaja viombwe. Kama dawa haijasajiliwa nchini, ufuatwe utaratibu wa kibali maalumu, na ombi la malipo lipelekwe kwenye mifuko ya bima likiwa na makundi hayo yameandikwa.

(d) Watu wawili wafundishwe, si mmoja, kwa sababu uhamisho tunaujua. Kila video isomwe na wote wawili mpaka wakubaliane mara nyingi kuliko wanavyotofautiana.

(e) Atakayekutwa na plaki aondoke na mpango wa tiba siku hiyohiyo: statini (dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, kama atorvastatini), presha, sukari, kuacha tumbaku, na tarehe ya kurudi. Kama atorvastatini haipo dirisha la dawa, ombi (c) lisubiri mpaka iwepo. Kumwonyesha mtu ugonjwa wake kwa kifaa cha gharama kisha kumwambia akanunue vidonge mtaani si huduma.

(f) Tupewe jibu la maandishi, hata kama ni la kukataa, likiwa na sababu. La (a) halina sababu ya kukataliwa tunayoweza kuiona.

Tuko tayari kuja kikaoni na mashine, tukaonyesha kila hatua tuliyoandika hapa.

Tunawasilisha.

Wataalamu wa picha za tiba, madaktari na wauguzi wa kliniki za presha na kisukari,
Tanga.